Johann Ludwig Krapf: Mpanzi Ambaye Hakuona Mavuno

Soma Zaburi 126:5, 6, Mathayo 25:34–40, 1 Wakorintho 3:6–9.

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 katika familia ya wakulima huko Derendingen, Ujerumani. Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mmoja, jirani alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda. Aliugua kwa miezi sita, na kitandani hapo akajizoeza kusoma Biblia. Hivyo kijana huyu alianza kumtafuta Mungu katika siku za maumivu na uonevu.

Mwaka 1844 alifika Mombasa pamoja na Rosina mkewe. Mwezi Julai mwaka huohuo Rosina alifariki kwa homa, na mtoto wao mchanga akamfuata baada ya siku chache. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Angeweza kurudi kwao, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alibaki, akajifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri Biblia. Katika kazi hiyo alisaidiwa na kadhi wa Mombasa, mtu wa imani nyingine.

Mwaka 1846 Krapf na mwenzake Johannes Rebmann walifungua kituo huko Rabai. Krapf alikuwa na ndoto kubwa ya kuona mnyororo wa vituo vya injili kutoka pwani ya mashariki hadi ya magharibi. Lakini tunda la kwanza la Rabai lilikuwa mtu mmoja tu, Mringe, mwenye ulemavu na mgonjwa, ambaye wengi hawakumhesabu. Alifundishwa habari za Mwokozi, akabatizwa akiwa karibu na mauti. Macho ya watu yangeona hasara. Mbinguni, kondoo mmoja ana thamani yake (Luka 15:3–7).

Mwaka 1848, na tena mwaka 1852, Krapf alisafiri kwenda Usambara, katika milima inayoonekana kutoka Korogwe. Safari ya pili alipitia Pangani. Huko Vuga alipokelewa na Kimweri ye Nyumbai, mtawala wa Washambaa, ambaye alimkarimu na kuyakubali maombi yake ya kuleta walimu. Tazama jinsi mambo yalivyogeuka: mhubiri ndiye aliyekuwa mgeni, na wale aliowaendea ndio waliomfungulia mlango. Mara nyingi Mungu hututangulia katika nyumba tunazokwenda.

Walimu hao hawakupatikana. Afya yake ilidhoofika, na mwaka 1853 akaondoka Afrika Mashariki. Alimaliza siku zake Korntal, Ujerumani, akiendelea na kazi ya lugha. Mnamo Novemba 1881 alikutwa amefariki, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake.

Wamishonari wa Kilutheri walifika Mlalo, Usambara, mwaka 1891, miaka kumi baada ya kifo chake. Wamishonari wa kwanza wa Kiadventista walifika Upare mwaka 1903. Krapf hakuyaona hayo. Yeye alipanda, wengine wakatia maji, naye Mungu ndiye aliyekuza.

Ndivyo ilivyo hata kwetu. Ndoo ya maji anayopewa jirani wakati wa ukame Handeni, au mahali pa kulala anapopewa msafiri aliyekwama Korogwe, huenda visitajwe popote. Lakini Kristo huhesabu mambo hayo kuwa ametendewa Yeye.

Maswali ya Kujadili

1. Kwa nini ni vigumu kuendelea kutenda mema tusipoona matokeo? Zaburi 126 inatutia moyo namna gani?

2. Kadhi na Kimweri walimtendea Krapf wema ingawa hawakuwa wa imani yake. Jambo hili linatufundisha nini kuhusu kuwaheshimu majirani zetu wasio wa imani yetu?

3. Ni nani "Mringe" katika mtaa wenu? Darasa lenu litamfanyia nini kabla ya Sabato ijayo?