Gordon Parks: mupiga picha aliyerudi kuuliza habari za watu wake

Katika kambi za wakimbizi wa ndani, Kivu na Ituri, watu wamezoea jambo moja. Jeep inasimama, mutu anashuka na kamera, anapiga picha ya mama na mutoto, anasema asante, anaenda. Picha inazunguka dunia. Mama anabaki pale pale, na mara nyingi hata jina lake halitembei pamoja na picha.

Swali la kujua nani anafaidika na picha ya masikini halikuanza leo. Kuna Mumarekani mweusi mwenye aliishi na swali hilo zaidi ya miaka 60. Alikuwa mupiga picha, muandishi wa vitabu, mutunzi wa muziki na mutengeneza filme. Jina lake ni Gordon Parks.

Mutoto wa 15

Parks alizaliwa tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka wa 1912, Fort Scott, muji mudogo wa jimbo la Kansas, katikati ya Marekani. Alikuwa mutoto wa mwisho kati ya watoto 15. Baba yake alikuwa mulimaji.

Wakati huo weusi na wazungu waliishi kwa kutengwa. Shule ya msingi ya Parks ilikuwa ya weusi peke yao. Secondary ilikuwa ya wote, lakini mwanafunzi mweusi hakuruhusiwa kuingia katika timu za michezo. Mwalimu mmoja aliwaambia watoto weusi wasipoteze pesa ya wazazi kwa kwenda universite. Alipokuwa na miaka 11, vijana watatu wazungu walimutupa mtoni, wakijua kama hajui kuogelea. Alijificha chini ya maji ili wasimuone, mpaka akafika ukingoni.

Kisha mama yake kufa, Parks, angali kijana, alitumwa kwa dada yake, muji wa Saint Paul, jimbo la Minnesota. Shemeji yake hakumupenda. Siku si nyingi akamufukuza nyumbani, wakati wa baridi kali. Usiku Parks alilala ndani ya tram, zikienda Minneapolis na kurudi, juu ndani ya tram kulikuwa joto kidogo. Masomo ya secondary hakuyamaliza. Alipiga piano kwenye nyumba za wanawake malaya, alicheza basket kwa pesa kidogo, akaosha vyombo, akawa garsoni kwenye treni.

Ni kwenye treni ndiko maisha yake yaligeuka. Mwaka wa 1937 aliona gazeti lililoachwa na musafiri. Ndani mlikuwa picha za walimaji waliopoteza mashamba yao, wanatembea barabarani na watoto, wakitafuta kazi. Parks alizitazama sana. Alijua njaa ile, lakini hakujua kama mutu anaweza kuipigania kwa picha. Siku chache nyuma, alinunua kamera kwenye duka la vitu vya rehani. Hakuna mutu alimufundisha. Baadaye alieleza kwamba, kwa kijana mweusi wa wakati ule, ilikuwa rahisi kuchukua kisu ao bunduki, na yeye alichagua kamera iwe silaha yake. Ndiyo maana kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka wa 1966, kina jina A Choice of Weapons.

Mama wa ufagio

Alianza na picha za mitindo, kwa duka moja la nguo za wanawake la Saint Paul. Bibi ya bondia Joe Louis, Marva Louis, aliziona, akamushauri aende Chicago. Huko Parks alipiga picha za wanawake wa hali ya juu ili apate chakula, na wakati mwingine akazunguka kartie za weusi masikini. Picha hizo zilimupatia mwaka wa 1942 msaada wa masomo wa Julius Rosenwald. Akaenda Washington, kwenye idara ya serikali iliyotuma wapiga picha kuonyesha maisha ya walimaji masikini.

Mukubwa wa idara, Roy Stryker, hakumupa kazi mara moja. Alimwambia aache kamera ndani ya kabati, atembee muji: anunue koti, ale chakula mugahawani, aone sinema. Parks alirudi na hasira. Dukani, mugahawani, kwenye sinema, kila mahali walimukatalia juu ni mweusi. Na hiyo ilikuwa Washington, muji mukuu wa inchi iliyosema inapigania uhuru wa dunia katika vita ya pili.

Stryker alimushauri azungumuze na watu weusi wa pale pale ndani ya nyumba ya serikali. Ndipo Parks alimukuta Ella Watson, mama mwenye alikuwa anafagia biro usiku. Baba yake Ella aliuawa na kundi la wazungu. Bwana yake alipigwa risasi. Yeye alilea wajukuu kwa mushahara wa dola 1.080 kwa mwaka muzima. Parks alimusimamisha mbele ya bendera kubwa ya Marekani, ufagio mukono mmoja, na nyuma yake kitambaa cha kupangusia chini. Picha hiyo iliitwa American Gothic, jina la mchoro mashuhuri wa mulimaji muzungu. Stryker aliona ni kali sana, akaogopa itawafukuzisha kazi wote.

Jambo moja halisemwi sana: Parks hakuishia pale. Aliendelea kwenda kwa Ella Watson, nyumbani kwake, kanisani kwake, katika kartie yake, akapiga picha nyingine nyingi. Ile ya bendera ndiyo watu wanaikumbuka. Zile nyingine zinaonyesha bibi anakula na wajukuu, anaomba, anajitayarisha kwenda kazini. Bila hizo, mama angebaki alama tu.

Ndani ya gazeti la wenye nguvu

Mwaka wa 1948 Parks alipiga picha za kiongozi mmoja wa vijana wenye kupigana barabarani, kartie ya Harlem, New York. Kijana alikuwa na miaka 17, jina lake Red Jackson. Parks alikaa naye wiki kazaa. Alipiga picha za mapigano, lakini pia za kijana anasaidia mama yake nyumbani. Kati ya mamia ya picha, wakubwa wa gazeti Life walichagua 21, na nyingi zilikuwa za jeuri na woga. Musomaji akaona mujambazi. Mutoto wa mama fulani hakuonekana sana. Parks aliingia kazini katika Life, mweusi wa kwanza kuwa mupiga picha wa kudumu wa gazeti hilo, lakini alijua tangu siku ile kama mwenye kupiga picha si yeye mwenye kuamua picha itasema nini.

Mwaka wa 1956 alitumwa Alabama, kuonyesha maisha ya familia moja kubwa ya weusi chini ya sheria za ubaguzi. Alipiga kwa rangi: watoto wanatazama uwanja wa michezo kupitia waya, mama na musichana wamevaa vizuri wamesimama chini ya maandishi ya mulango wa weusi. Picha zilipotoka, wazungu wa kule walikasirika. Mwanamuke mmoja wa familia ile, mwalimu, alifukuzwa kazi. Bwana yake, mukata miti, alinyanganywa gari lake la kazi. Ikabidi wahame, na gazeti likawasaidia kuanza upya mahali pengine. Parks alikuwa amekwisha rudi New York. Wenye kulipa bei ya picha walikuwa wale waliomufungulia mulango.

Flávio

Mwaka wa 1961 Life ilimutuma Rio de Janeiro, Brazili. Kazi ilikuwa kutafuta baba mmoja masikini, kuonyesha namna anaishi. Parks alipanda mulima wenye vibanda unaoitwa Catacumba, akakutana na mutoto wa miaka 12 mwenye kubeba maji kichwani, kifua kimejaa pumu, mwili umekonda. Ni Flávio da Silva. Wazazi walikuwa wanashinda kazini, baba akiuza petroli ya taa, mama akifua nguo za watu. Flávio ndiye alipika, aliosha na kulea wadogo wake. Parks aliacha habari ya baba, akafuata mutoto.

Picha zilipotoka, wasomaji wa Marekani walituma barua na pesa, karibu dola 30.000. Flávio alipelekwa Denver, kwenye hospitali ya wenye pumu. Familia ilipewa nyumba nje ya mulima, na pesa nyingine ikatumiwa kwa kartie yenyewe. Mutoto alipona. Hilo ni jambo kubwa, na Parks hakulikana kamwe.

Lakini kulikuwa na upande mwingine. Gazeti moja la Brazili, O Cruzeiro, liliona haya na hasira, likamutuma mupiga picha wake New York apige picha za masikini wa Marekani. Ujumbe ulieleweka: hata kwenu iko njaa, mbona mulikuja kutafuta yetu? Na kisha miaka miwili, mwaka wa 1963, Flávio alirudishwa Brazili. Hakutaka. Alikuwa amezoea kitanda, shule, lugha mupya, na alimuomba Parks amufanye mutoto wake. Parks alikuwa tayari baba wa watoto, akasafiri kila wakati, hakukubali. Catacumba yenyewe, serikali iliiondoa karibu mwaka wa 1970, watu wakahamishwa, leo ni bustani.

Mwaka wa 1976 Parks alirudi Rio kumutafuta. Alimukuta Flávio mwanaume, ameoa, ana watoto, anafanya kazi ya ulinzi, na angali na hamu ya kurudi Marekani. Parks aliandika kitabu juu ya hayo, kilitoka mwaka wa 1978. Ndani yake alijiuliza waziwazi kama alikuwa na haki ya kuingia katika maisha ya mutoto, kumutoa, na kumurudisha.

Swali hilo lilikuwa limekwisha kumuumiza Harlem. Mwaka wa 1968 Life ilitoa picha zake za familia Fontenelle, iliyoishi kwa baridi na njaa ndani ya chumba kibaya. Wasomaji walitoa pesa tena, familia ikapata nyumba. Haukupita muda murefu, moto uliiunguza. Baba na mutoto mmoja walikufa.

Kutengeneza filme

Katika miaka ile ndipo Parks aligeukia sinema, kwenye aliweza kusema hadisi kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Mwaka wa 1963 alikuwa ametoa kitabu The Learning Tree, hadisi ya kijana mweusi wa Kansas inayofanana na utoto wake. Mwaka wa 1969 alikigeuza filme. Alikuwa mweusi wa kwanza kuongoza filme ya kampuni kubwa ya Hollywood. Aliandika, aliongoza, alisimamia pesa, na muziki aliutunga yeye mwenyewe, hata kama hakuwa amesoma noti. Alikuwa na namna yake ya kuandika muziki. Filme ilipigwa Fort Scott, katika barabara zile zile.

Mwaka wa 1971 ilikuja Shaft, juu ya mupelelezi mweusi wa New York asiyeinamia mutu. Ilileta pesa nyingi, na wimbo wake wa Isaac Hayes ulipata Oscar. Wako waliosema filme za aina hiyo zilijaza bunduki na majivuno. Parks aliona kitu kingine: vijana weusi walitoka sinema wamenyoosha mugongo. Mwaka wa 1976 alitengeneza Leadbelly, juu ya mwimbaji wa gereza, na mwaka wa 1984 filme ya televizyo juu ya Solomon Northup, mutu huru aliyeuzwa utumwani.

Mutoto wake, Gordon Parks Jr., alifuata njia ile ile na kutengeneza Super Fly mwaka wa 1972. Mwaka wa 1979 alikufa kwa ajali ya ndege Kenya, kwenye alikuwa anatayarisha filme. Baba aliendelea na kazi. Mwaka wa 1989 aliweka jukwaani Martin, ngoma ya ballet juu ya Martin Luther King, muziki na maneno ni yake. Mwaka huo huo The Learning Tree iliwekwa kati ya filme 25 za kwanza ambazo inchi ya Marekani iliamua kuzihifazi.

Gordon Parks alikufa New York tarehe 7 mwezi wa 3 mwaka wa 2006, na miaka 93. Alizikwa Fort Scott, muji kwenye mwalimu alimukatisha tamaa na vijana walimutupa majini. Leo kuna makumbusho yenye jina lake pale.

Picha zake ziko katika majumba makubwa ya dunia. Ile ya bendera inaonyesha jina la Ella Watson, na ile ya mutoto wa kitandani inaonyesha jina la Flávio da Silva. Flávio alizeeka Brazili, akaishi kuliko mwenye kumupiga picha. Waandishi wa habari waliendelea kumufikia, wakimuuliza juu ya bwana yule wa kamera aliyepanda mulima siku moja ya mwaka wa 1961.