Padri Kagame na karatasi za siri

Nilimjua Padri Alexis Kagame kupitia sarufi, si kupitia dini. Katika somo la isimu, mwalimu aliandika ubaoni maneno manne ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Akatueleza kwamba padri mmoja aliona ndani yake ngazi nzima ya viumbe: chenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna ya kuwa. Sisi wa Kiswahili tulijaribu kumfuata. Mtu na kitu tunavyo. Mahali tulipakopa kwa Waarabu, na kwa la nne hatuna ila namna, ambalo nalo ni la kukopa. Siku ile nilitoka darasani na hamu ya kumjua mtu huyu.

Alizaliwa Kiyanza, Rwanda, tarehe 15 Mei 1912, akapata upadri mwaka 1941, kisha akawa mhariri wa gazeti la Kinyamateka. Lakini kazi iliyomla ilikuwa nyingine. Alikwenda kwa wazee wa ikulu, akaketi nao, akaandika mashairi ya kifalme ambayo hadi hapo yalikaa vichwani mwao tu. Mwaka 1951 alitoa kitabu kizima juu ya mashairi hayo. Msidhani alikuwa mtu wa kununa: mwaka 1949 alikuwa ametoa Indyoheshabirayi, shairi refu la kuchekesha, na anayesifiwa humo kwa ufundi wa washairi wa mfalme ni nguruwe, yule anayefanya viazi viwe vitamu.

Jambo linalonisumbua ni ubwiru. Hizo zilikuwa kanuni za siri za ufalme: jinsi ya kumtawaza mfalme, kumzika, kuita mvua. Zilitunzwa na abiru, wenye kazi hiyo kwa urithi, na kuzitoa nje lilikuwa kosa zito. Kwa ruhusa ya Mutara III Rudahigwa, wazee hao walimfungulia Kagame midomo, naye akaandika. Mwaka 1947 alieleza muundo wa kanuni hizo katika jarida la Zaïre, lakini maandishi yenyewe hakuyatoa. Yalitolewa kwa ukamilifu mwaka 1964 na wataalamu wawili Wabelgiji, d'Hertefelt na Coupez, wakati ufalme ulikuwa umekwisha kuondolewa.

Katikati ya hayo alipata uhamisho. Mwaka 1952 alichapisha kitabu juu ya taratibu za utawala wa Rwanda ya kale, na wakoloni waliona kinamtia nguvu mfalme. Padri akapelekwa Roma. Sijui kama waliompeleka walitambua wanamfanyia hisani, maana huko huko, chuoni Gregoriana, alipata udaktari wa falsafa mwaka 1955, na yale maneno manne ya ubaoni kwetu yakazaliwa kama kitabu mwaka 1956. Tempels, Mfransisko wa Katanga, alikuwa amekwisha kusema kwamba Wabantu wana falsafa. Kagame alitaka ithibitishwe ndani ya lugha yenyewe, neno kwa neno. Kwa mwanafunzi wa lugha, tofauti hiyo ni kubwa mno.

Alirudi mwaka 1958, akafundisha Butare, na Lubumbashi pia akiwa profesa mgeni. Mwaka 1976 alilinganisha lugha nyingi za Kibantu ili aone kama ngazi yake inasimama nje ya Rwanda. Alifariki Nairobi tarehe 2 Desemba 1981.

Wanahistoria kama Vansina wamemlaumu kwamba alisikiliza ikulu kupita kiasi, na ninakubaliana nao: mkulima wa kilimani haongei sana katika vitabu vyake. Ila bila daftari zake, mengi ya wazee wale yangezikwa pamoja nao.

Likizo iliyopita babu alianza kunitajia majina ya wakubwa wa ukoo wetu na maneno yanayosemwa juu ya kaburi la kila mmoja. Aliponiona natoa daftari akanyamaza, kisha akauliza ni nani atakayeyasoma. Nikamjibu kwamba ni mimi tu. Hakuniamini, na kusema kweli hata mimi sikujiamini. Nikarudisha daftari mfukoni, akaendelea. Hadi leo sijaandika hata jina moja, na babu amefikisha miaka 84.