Tenda Wema Nenda Zako: Maisha ya Robert Baden-Powell

Utangulizi

Mjini Nyeri, mahali ambapo kilele cha Mlima Kenya huonekana waziwazi asubuhi kabla ya mawingu kutanda, lipo kaburi ambalo kila mwaka, karibu na tarehe 22 Februari, huzuriwa na mamia ya vijana waliofunga skafu shingoni. Jiwe lake limechongwa alama ndogo: duara lenye nukta katikati. Mpita njia anaweza kuidhani kuwa pambo tu, lakini kila skauti anaijua maana yake.

Aliyelala hapo ni Robert Baden-Powell, mwasisi wa chama cha skauti duniani. Hakuzaliwa Afrika, na mara ya kwanza alipokuja barani alikuja na bunduki. Hata hivyo, jambo alilowaachia vijana wa ulimwengu ni lile ambalo Waswahili walilifumbata zamani katika methali moja fupi: tenda wema nenda zako. Namna ambavyo askari wa dola alivyofika kwenye mafunzo hayo, na mahali alipoyapungukia, ndiko kunakoyapa maisha yake uzito.

Malezi na Elimu

Baden-Powell alizaliwa London tarehe 22 Februari 1857. Baba yake, aliyekuwa kasisi na profesa wa jiometri katika Chuo Kikuu cha Oxford, alifariki mwaka wa 1860, mtoto akiwa na umri wa miaka mitatu tu. Mzigo wa malezi ulimwangukia mama, Henrietta Grace, mwanamke shupavu aliyewalea wanawe kwa nidhamu na kuwahimiza kuyachunguza mazingira yao kwa macho yao wenyewe.

Mwaka wa 1870 alijiunga na shule ya Charterhouse, ambayo baada ya miaka miwili ilihamishwa kutoka London hadi Godalming mashambani. Karibu na shule palikuwa na kichaka ambacho wanafunzi walikatazwa kukiingia. Huko ndiko alikojifunza kunyatia wanyama, kumnasa sungura na kumpika kwa moto usiotoa moshi, ili walimu wasimgundue. Darasani hakung'ara sana, na Oxford alikofundisha baba yake haikumpokea. Badala yake alifanya mtihani wa jeshi, akafaulu vizuri, na mwaka wa 1876 akapelekwa India akiwa afisa kijana wa kikosi cha wapanda farasi.

Askari katika Bara la Afrika

Kazi iliyompendeza zaidi jeshini ilikuwa upelelezi: kusoma nyayo, kukadiria umbali, kulala porini na kurudi na habari. Ujuzi huo ulimleta Afrika. Mwaka wa 1888 alikuwa Uzulu, majeshi ya Waingereza yalipomsaka Dinizulu, mwana wa mfalme Cetshwayo. Mwaka wa 1896 alikuwa Kumasi, Mfalme Prempeh wa Asante alipokamatwa bila vita; mfalme huyo alipelekwa uhamishoni na hakurejea kwake hadi mwaka wa 1924. Mwaka huohuo wa 1896 Baden-Powell alipelekwa Matabele, katika Zimbabwe ya leo, Wandebele walipoinuka kuipinga serikali ya walowezi.

Katika vilima vya Matobo alitembea na Mmarekani Frederick Russell Burnham, bingwa wa kufuata nyayo, ambaye kutoka kwake alijifunza mengi kuhusu kuishi nyikani. Lakini ni katika vita hivyohivyo ndipo alipotenda jambo ambalo lingali linamkumba. Chifu Uwini alikamatwa akiwa amejeruhiwa. Baden-Powell akaunda mahakama ya kijeshi, ikamtia chifu hatiani, naye akaamuru apigwe risasi mbele ya watu wake. Wakuu wake waliitisha uchunguzi. Uchunguzi ulimwondolea lawama, historia haijamwondolea.

Yeye mwenyewe alipenda kusimulia kwamba Wandebele walimpa jina la Impeesa, ambalo alilifasiri kuwa ni mbwa mwitu asiyelala. Msomaji wa Kiswahili atalitambua neno hilo kwa urahisi. Katika Kindebele na Kizulu, impisi ni fisi. Maneno hayo mawili ni ndugu wa ukoo mmoja wa Kibantu. Mgeni alilichukua jina, akalitafsiri kwa namna iliyompendeza.

Mazingira ya Mafeking

Sifa zake zilienea katika mji mdogo wa Mafeking, kusini mwa Afrika. Tarehe 13 Oktoba 1899 majeshi ya Makaburu yaliuzingira mji huo, na mazingira hayo yakadumu siku 217, hadi tarehe 17 Mei 1900. Kwa kuwa askari wake walikuwa wachache, Baden-Powell alitumia hila. Masanduku yaliyojaa mchanga yalifukiwa mbele ya macho ya adui yakidhaniwa kuwa ni mabomu, na askari wakaamrishwa kuinua miguu kana kwamba wanaruka seng'enge ambazo hazikuwepo.

Jambo lililomgusa zaidi lilikuwa kazi ya wavulana wa mji ule. Walikusanywa katika kikosi, wakavishwa sare, wakawa wajumbe, wasaidizi wa hospitali na walinzi, ili watu wazima wapate nafasi ya kwenda mstari wa mbele. Walipeleka barua kwa baiskeli huku mizinga ikinguruma. Mkuu wao, Warner Goodyear, alichapishwa akiwa juu ya baiskeli yake katika stempu ya posta iliyotolewa mjini humo. Baden-Powell alitambua hapo kwamba kijana akiaminiwa na kukabidhiwa kazi ya kweli, huitenda kama mtu mzima.

Hata hivyo, Mafeking haikulindwa na Wazungu pekee. Wabarolong, wenyeji wa mahali pale, walishika silaha, walipenya usiku kupeleka ujumbe, na walikuwa miongoni mwa waliowakabili Makaburu walipovamia kupitia kijiji chao Mei 1900. Pamoja na hayo, mgao wa chakula uliwapendelea Wazungu, na Waafrika wengi walikufa kwa njaa. Mkalimani wa mahakama, Sol Plaatje, ambaye mwaka wa 1912 alikuwa katibu mkuu wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC, aliyaandika ya siku zile katika shajara. Shajara hiyo haikuchapishwa hadi mwaka wa 1973. Kwa miaka 70 na zaidi, dunia ilikuwa imesikia upande mmoja tu.

Kisiwa cha Brownsea na Kuzaliwa kwa Skauti

Baden-Powell alirudi Uingereza akiwa shujaa wa taifa. Akakuta kwamba kitabu kidogo cha upelelezi alichowaandikia askari mwaka wa 1899 kilikuwa kikisomwa na vijana na walimu wao. Akajiuliza kama ujuzi uleule, ukiondolewa vita, ungeweza kumjenga kijana badala ya kumwangamiza adui.

Jibu alilitafuta kwa vitendo. Tarehe 1 Agosti 1907 alipiga kambi katika kisiwa cha Brownsea, kusini mwa Uingereza, pamoja na wavulana wapatao 20. Baadhi walitoka katika shule za watu wenye fedha kama vile Eton, na wengine walikuwa watoto wa wafanyakazi kutoka miji ya karibu. Katika Uingereza ya wakati ule watoto hao hawakuketi meza moja. Aliwachanganya katika makundi manne yaliyoitwa kwa majina ya fahali, mbwa mwitu, kunguru na yule ndege aitwaye sululu, kila kundi likiwa na kiongozi wake miongoni mwa vijana wenyewe. Walipika, walifunga mafundo, walifuata nyayo, walijifunza kumwokoa anayezama na kumhudumia aliyeumia. Alfajiri waliamshwa kwa baragumu la pembe ya tandala lililotoka Matabele.

Mwaka wa 1908 alichapisha kitabu cha mafunzo kwa wavulana, kikitolewa sehemu baada ya sehemu. Vijana hawakungoja kuitwa. Walijiundia vikosi wenyewe. Mkutano wa Septemba 1909 jijini London ulihudhuriwa na maelfu ya wavulana, na kati yao wakajitokeza wasichana waliodai kuwa wao pia ni maskauti. Kutokana na ujasiri wao, chama cha wasichana kilianzishwa mwaka wa 1910 chini ya uongozi wa Agnes, dada yake Baden-Powell. Mwaka huohuo aliliacha jeshi ili kazi ya vijana iwe kazi yake yote.

Kiini cha mafunzo hayo kilikuwa tendo jema la kila siku. Skauti alitakiwa amsaidie mtu angaa mara moja kwa siku, na asipokee malipo. Tendo hilo halikulazimu kuwa kubwa: kumvusha kipofu barabara, kuondoa jiwe njiani, kumwelekeza mgeni aliyepotea. Mbinu za mpelelezi zikapata kazi mpya. Jicho lililozoea kumtafuta adui likafunzwa kumwona mwenye shida, na utayari wa vita ukageuzwa kuwa utayari wa kuokoa.

Mwaka wa 1912 Baden-Powell alimwoa Olave Soames, aliyezaliwa tarehe na mwezi uleule kama yeye ingawa alimzidi kwa miaka 32. Walijaliwa watoto watatu. Mwaka wa 1920, katika mkutano mkuu wa kwanza wa kimataifa uliofanyika London, maskauti walimtawaza kuwa Skauti Mkuu wa Dunia.

Udugu na Mipaka Yake

Sheria ya nne ya skauti ilitamka kwamba skauti ni rafiki wa wote na ndugu wa kila skauti mwingine, awe wa nchi, tabaka au imani yoyote. Rangi ya ngozi haikutajwa, na katika makoloni ya Afrika pengo hilo lilionekana upesi. Nchini Kenya skauti ilianza mwaka wa 1910 kwa ajili ya wavulana wa Kizungu. Nchini Afrika Kusini vijana Waafrika walifungiwa nje, wakaundiwa chama chao kando.

Baden-Powell alizuru Afrika Kusini mwaka wa 1936 akitaka suala hilo litatuliwe. Kilichopatikana kilikuwa suluhu ya nusunusu: Waafrika walitambuliwa, lakini katika matawi yaliyotengwa kwa rangi chini ya mwavuli mmoja. Mtu aliyewaketisha mtoto wa tajiri na mtoto wa kibarua katika hema moja pale Brownsea hakuuvunja ukuta wa rangi. Dola aliyoitumikia ujanani ilikuwa bado imeyashika mawazo yake.

Vijana Waafrika, hata hivyo, waliichukua sheria ile kama ilivyoandikwa. Kila aliyekula kiapo na kuvaa skafu katika shule za misheni na za serikali alikuwa, kwa maneno ya chama chenyewe, ndugu wa mtoto wa mlowezi. Mafunzo hayo yalifika mbali kuliko aliyeyatoa.

Nyeri

Mwaka wa 1935 Baden-Powell alifika Nyeri kumtembelea Eric Sherbrooke Walker, aliyewahi kuwa katibu wake na ambaye sasa alimiliki hoteli ya Outspan. Akavutiwa na hali ya hewa na mlima. Mwaka wa 1938, afya yake ikiwa imedhoofika, alihamia huko na mkewe katika nyumba ndogo iliyojengwa ndani ya uwanja wa hoteli hiyo. Waliiita Paxtu. Nyumba yao ya Uingereza iliitwa Pax Hill, na pax kwa Kilatini ni amani. Kwa hiyo Paxtu ilikuwa amani ya pili.

Huko mzee aliketi barazani akichora ndege na wanyama na kuandika vitabu. Aliwaachia maskauti barua ya kusomwa baada ya kifo chake, akiwausia kwamba njia ya kweli ya kupata furaha ni kuwafurahisha wengine, na kwamba waiache dunia ikiwa bora kidogo kuliko walivyoikuta. Alifariki tarehe 8 Januari 1941, akiwa na umri wa miaka 83, akazikwa Nyeri. Olave alipofariki mwaka wa 1977, majivu yake yaliletwa kuwekwa katika kaburi hilohilo.

Hitimisho

Mwezi wa Juni 2020, sanamu ya Baden-Powell katika mji wa Poole, ng'ambo ya kisiwa cha Brownsea, ilizua mzozo. Baadhi ya watu walitaka iondolewe kwa sababu ya matendo yake katika vita vya kikoloni, na wengine wakakesha kuilinda. Pande zote mbili zilikuwa na ukweli wa kusema. Damu ya Uwini haifutiki kwa wema uliofuata, wala wema huo haubatilishwi na damu hiyo. Msomaji wa historia anatakiwa avibebe vyote viwili bila kuangusha kimoja.

Mwaka wa 2010 Kenya ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa dunia wa maskauti wa umri wa ujana, wakaja kutoka mabara yote. Nao maskauti wa Kenya hawahitaji mkutano ili waonekane. Huwaelekeza wananchi katika sherehe za Madaraka na Jamhuri, huwahudumia wanaozimia kwa jua, na hupanda miti katika vilima vilivyokatwa misitu. Wengi wao hawajasoma habari za Mafeking, wala hawamtendei wema Baden-Powell. Humtendea mwenye shida aliye mbele yao, kisha huondoka.

Ile alama ya kaburini ni mojawapo ya alama ambazo maskauti huwachorea wenzao njiani wanapofuatana porini. Duara lenye nukta katikati humaanisha kwamba aliyetangulia amekwisha kwenda zake nyumbani. Aliyelala Nyeri amekwenda zake. Njia imebaki, na wanaoifuata leo ni watoto wa wale ambao zamani hawakuhesabiwa kuwa ndugu.