Mama Kevina: Jina Lililogeuka Hospitali

Katika taaluma ya isimu twafundisha kwamba jina la pekee huweza kugeuka nomino ya kawaida, na aghalabu kinachosukuma mabadiliko hayo ni biashara. Mkenya huingia dukani akaitisha Omo, akapewa sabuni nyingine ya unga, wala asilalamike. Ni nadra jina la binadamu kupita njia hiyo bila msaada wa matangazo. Ndiyo sababu napenda kuwaeleza wanafunzi wangu habari za neno kevina, ambalo katika Kiganda lilikuja kutumiwa kwa maana ya hospitali au nyumba ya kuwatunza wasiojiweza. Kabla ya hapo lilikuwa jina la mwanamke.

Mwanamke huyo aliitwa Teresa Kearney, naye alizaliwa Aprili 1875 karibu na mji wa Arklow, katika Ireland. Baba yake alifariki miezi mitatu kabla ya yeye kuzaliwa, na mama yake akaaga dunia mtoto alipokuwa na umri wa miaka kumi. Alilelewa na nyanya yake mzaa mama. Baada ya kufundisha kwa muda kama mwalimu msaidizi, alijiunga mwaka 1895 na masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akaweka nadhiri mwaka 1898 na kupewa jina la Mary Kevin. Nia yake ilikuwa kwenda Marekani kuwahudumia watu weusi. Wakubwa wake waliamua vingine: Askofu Henry Hanlon alikuwa akihitaji masista Uganda.

Walitoka London Desemba 1902 wakiwa sita, wakafika Nsambya, kando ya Kampala, tarehe 15 Januari 1903. Hapa yafaa msomaji akumbuke kwamba vikarieti ya Upper Nile, iliyoongozwa kutoka Nsambya, ilijumuisha pia sehemu zetu za magharibi ya Kenya hadi mwaka 1925. Kwa hiyo habari hizi si za jirani tu.

Zahanati yao ya kwanza ilikuwa kivuli cha mwembe. Wakati huo ugonjwa wa malale ulikuwa ukifagia Busoga na mwambao wa ziwa, nao uliua watu zaidi ya 200,000. Masista wale hawakuwa na dawa ya kuuponya. Wala dunia nzima haikuwa nayo. Waliweza kuosha vidonda, kulisha na kukaa na wanaokufa. Pole pole wenyeji wakaacha kumwita sista, wakamwita Mama, jina ambalo Mwafrika hamgawii kila apitaye. Mtawa asiye na mtoto akawa mama wa nchi, na Kevin akawa Kevina.

Vita vya 1914 vilipozuka, Nsambya iligeuzwa hospitali ya wapagazi wa jeshi, wale wa Carrier Corps ambao jina lao limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Jinsi wapagazi hao walivyotendewa ilimkasirisha sana. Serikali ya Uingereza ilimtunuku nishani mwaka 1918.

Lakini jambo ninalolitukuza zaidi ni msimamo wake kuhusu uzazi. Sheria za Kanisa za siku hizo ziliwazuia watawa kufanya kazi ya ukunga. Fikiria, msomaji, sista mwenye zahanati, mbele yake mama aliyeshikwa na uchungu siku ya tatu, na kanuni inayomwambia asiingize mkono. Mama Kevina hakuasi, na hakunyamaza. Alimpata daktari asiye mtawa, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 wakaanzisha Nsambya chuo cha wauguzi na wakunga, ili wasichana Waafrika wafanye kile ambacho watawa walikatazwa. Wakati huo huo aliendelea kudai kanuni ibadilishwe, na mwaka 1936 Roma iliiondoa. Wale wasemao kwamba mcha Mungu ni mtu wa kuinamisha kichwa tu wangefaa kuutafakari mwaka huo.

Mwaka 1923, huko Nkokonjeru, alianzisha shirika la Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko kwa wasichana wanane. Hakuwa wa kwanza. Bannabikira walikwisha kuanzishwa Buganda mwaka 1910. Hata hivyo nina swali: kwa nini wasichana wale hawakupokewa katika shirika lile lile la masista waliotoka Ulaya? Kutenganisha watawa kwa rangi hakunipendezi, hata nikikumbuka ni enzi gani. Lakini ni lazima niseme pia kwamba utengano huo ulizaa shirika lililokuja kuongozwa na Waafrika wenyewe, ambalo leo linahudumu Uganda, Kenya na Tanzania. Wakazi wa Kasarani jijini Nairobi wanaijua hospitali yao. Ukiniuliza lipi lina uzito zaidi, nitasema ni hilo la pili, ingawa lile la kwanza silisahau.

Ziko kazi nyingine ambazo nafasi hainiruhusu kuzieleza: vituo vya wenye ukoma vya Nyenga mwaka 1932 na Buluba mwaka 1934, na shule ya wasichana ya Namagunga mwaka 1942, ambayo walimu wa Afrika Mashariki hawahitaji kuelezwa sifa zake. Mwaka 1952, akiwa na umri wa miaka 77, akawa mkuu wa kwanza wa shirika jipya la Masista Wamisionari Wafransisko kwa Afrika. Miaka mitatu baadaye alipumzishwa uongozi, akapelekwa Boston, Marekani. Huko aliendelea kuombaomba fedha kwa ajili ya Afrika hadi alipofariki tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulirudishwa Ireland, ukazikwa Mount Oliver, makao ya shirika lake. Wakatoliki wa Uganda hawakukubali. Kwao mama hazikwi ugenini, na ugenini, kwa hesabu yao, kulikuwa ni Ireland. Walidai mpaka kaburi likafunguliwa, jeneza likasafirishwa kwa ndege, na Desemba ya mwaka ule ule Mama Kevina akazikwa Nkokonjeru.