Leonhard Euler: Maisha, Makadirio na Lugha ya Hisabati

Leonhard Euler alizaliwa tarehe 15 Aprili 1707 mjini Basel, Uswisi. Baba yake, aliyekuwa mchungaji, alitarajia kwamba mwanawe angemrithi katika huduma hiyo. Mwanahisabati Johann Bernoulli alitambua kipawa cha kijana huyo, akamshawishi mzazi amwachie afuate hisabati. Mwaka 1727 Euler alikwenda kwenye Akademia ya Sayansi ya St Petersburg, Urusi. Mwaka 1741 alihamia Berlin. Na mwaka 1766 akarejea St Petersburg, alikoishi hadi kufa kwake tarehe 18 Septemba 1783.

Jicho lake la kulia lilipoteza nuru akiwa bado kijana. Baada ya kurejea Urusi, mtoto wa jicho uliliharibu na la kushoto, na mwaka 1771 nyumba yake iliteketea kwa moto. Hata hivyo, hakuacha kazi. Alikokotoa kichwani na kuwaimlia wasaidizi wake, na maandishi yake kwa jumla yanazidi 800.

Miongoni mwa maandishi hayo ni kitabu cha kalkulasi kilichoanza kuchapishwa mwaka 1768, ambamo alishughulikia tatizo lifuatalo. Tuseme tunakijua kima cha mabadiliko ya fankisheni pamoja na thamani yake ya mwanzo, lakini hatuna fomula ya kawaida ya kuturudisha kwenye fankisheni yenyewe. Mfano ni kima kilicho sawa na e kwa kipeo cha hasi x mraba. (Herufi e kwa matumizi hayo, kama ilivyo alama f(x), ilianza kuenea kutokana na Euler.) Njia yake ni kuigawanya safari katika hatua ndogo. Katika kila hatua, kima huchukuliwa kana kwamba hakibadiliki; huzidishwa kwa urefu wa hatua, na zao lake hujumlishwa kwenye thamani iliyokwisha kupatikana.

Ikiwa fankisheni hiyo ni sifuri pale x ni 0, nasi twaitafuta pale x ni 1, hatua mbili hutoa 0.889 na hatua nne hutoa 0.822, ilhali thamani sahihi ni takriban 0.747. Hatua zikiongezwa maradufu, kosa hupungua kwa karibu nusu. Gharama yake ni wingi wa hesabu.

Kwa mwanaisimu, suala la lugha lina uzito wa pekee hapa. Kitabu hicho kiliandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi wa wakati huo. Lakini kitabu chake cha aljebra, kilichotoka kwa Kijerumani mwaka 1770, inasimuliwa kuwa alimwimlia kijana aliyekuwa fundi cherehani, ambaye kwa kuandika tu alifikia kuielewa aljebra. Euler hakuona kwamba lugha ya nyumbani huishusha hadhi taaluma.

Somo hilo linatuhusu. Mkoani Pwani, shule ya Kibaha, iliyotokana na ushirikiano na nchi za Nordiki katika miaka ya 1960, na ile ya Minaki, wilayani Kisarawe, iliyoasisiwa na wamisionari wa UMCA, zimewalea wanasayansi wengi. Makadirio ya aina hii, kama vile kanuni ya trapezia na ya Simpson, yamekuwamo katika hisabati ya kidato cha tano na cha sita kwa miaka mingi, nayo hufundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi aliyejifunza kujumlisha na kuzidisha kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na dhana ngeni na lugha ngeni kwa wakati mmoja.

Njia ya Euler haihitaji zaidi ya kuzidisha na kujumlisha, na kama ilivyoonekana hapo juu, Kiswahili kinaibeba. Kinachosalia ni kusanifu istilahi chache, hasa za fankisheni na kima cha mabadiliko, na kuzitumia kwa uthabiti darasani na vitabuni.