Okot p'Bitek: Mcheza kandanda wa Gulu aliyewacheka waume, wasomi na mapadri

Mwaka 1966, kampuni ya East African Publishing House ya Nairobi ilichapisha shairi refu ambamo mke asiyejua kusoma anamsuta mume wake msomi. Ocol, mume huyo, amemdharau Lawino na kumpenda Clementine, mwanamke wa mjini anayejipaka poda na kukoleza rangi mdomoni. Lawino ana uchungu, lakini uchungu wake una kicheko ndani yake. Anastaajabia watu wazima wanaosubiri saa ya ukutani iwaambie ni wakati wa kula, na wanandoa wanaocheza dansi wamekumbatiana mbele za watu kana kwamba hawana aibu wala jamaa.

Aliyetunga maneno hayo ni Okot p'Bitek, ambaye mwaka huohuo alishika uongozi wa Kituo cha Utamaduni cha Taifa, Kampala, akiwa Mganda wa kwanza katika kiti hicho. Shairi lenyewe alilitunga kwanza kwa Kiacholi, kisha akalifasiri mwenyewe kwa Kiingereza. Wasomaji wa Kiswahili walilipata katika miaka ya 1970 kwa kalamu ya Paul Sozigwa, kwa jina la Wimbo wa Lawino.

Okot alizaliwa Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 1931. Baba yake alikuwa mwalimu. Mama yake, Lacwaa, alisifika kwa kuimba na kucheza ngoma, na ni vigumu kumsoma Lawino bila kuhisi kwamba sauti ya mama huyo imo humo. Alisoma Gulu na King's College Budo, karibu na Kampala, kisha akafundisha.

Kabla hajatimiza miaka 23 alikuwa amekwisha kuchapisha riwaya kwa Kiacholi, Lak Tar, ya mwaka 1953. Kisa chake ni chepesi kusimulia na kizito kukibeba. Kijana yatima anampenda msichana, naye anapendwa, ila hana mahari. Anasafiri hadi Kampala kutafuta fedha, anatumikia kazi ngumu, anaweka akiba. Njiani akirejea nyumbani anaibiwa. Okot aliona mapema kwamba mapenzi, hata yakiwa ya kweli kiasi gani, huhesabiwa pia kwa ng'ombe na kwa nauli ya basi. Hakuwalaumu wazee wanaodai mahari, wala hakuwatetea.

Mwaka 1956 alikwenda Uingereza na timu ya taifa ya kandanda, ambayo wachezaji wake walicheza bila viatu. Timu ikarudi, yeye akabaki. Alisomea ualimu Bristol, sheria Aberystwyth, kisha elimu ya jamii na mila za watu huko Oxford. Hapo ndipo hasira yake ilipopata makali. Walimu wake walizoea kuwaita Waafrika washenzi na watu wa kale, naye akalalamika darasani bila kusikilizwa. Jibu lake alilitoa baadaye, kwa vitabu.

Maarufu kuliko yote ni kile kisa cha mapadri wa Kiitaliano waliowauliza wazee wa Kiacholi nani aliyewaumba. Kiacholi hakikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadri, hivyo swali likawafikia wazee kama kuulizwa nani anayewafinyanga watu. Wazee, waliokwisha kuchoshwa na maswali, wakamtaja Rubanga, pepo anayeaminika kupinda migongo ya watu na kuwafanya vibyongo. Mapadri wakafurahi, wakaandika kwamba Rubanga ndiye Mungu Muumba. Okot alikisimulia kisa hiki kwa kicheko, lakini hoja yake ilikuwa nzito: anayeuliza akiwa na jibu mfukoni hulipata jibu hilohilo.

Ndani ya miaka miwili hivi aligombana na serikali, akapoteza cheo, akavuka mpaka kwenda Kenya. Uhamisho huo, uliorefushwa na utawala wa Idi Amin, ulimfikisha Kisumu, Chuo Kikuu cha Nairobi, Iowa huko Marekani, na Ife nchini Nigeria.

Mwaka 1970 alimpa Ocol nafasi ya kujibu. Jibu hilo ni fupi na lina ghadhabu nyingi kuliko hoja. Huenda alikusudia hivyo. Wapo wanaolalamika kwamba alimpendelea Lawino. Wengine huuliza kama mwanamume ana haki ya kumtungia mwanamke maneno ya kukubali mke mwenza. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo Lawino haombi apendwe peke yake. Anaomba asitukanwe, wala ukoo wake usitukanwe, na ombi hilo halijapitwa na wakati katika nyumba nyingi.

Mwaka 1971 alimpa kahaba nafasi ya kuimba. Anawakaribisha wateja wake mmoja baada ya mwingine, mabaharia, wafungwa waliofunguliwa, wakubwa na walimu, na kuwacheka wanaomlaani mchana baada ya kulala kwake usiku. Miongoni mwao yumo ndugu yake mwenyewe. Unafiki wa wanaume, kwa maoni yangu, haujapata mchoraji hodari zaidi katika fasihi ya Afrika Mashariki.

Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, Okot alirudi Kampala. Mwaka 1982 Makerere ilimpa uprofesa wa uandishi wa kubuni, wa kwanza chuoni hapo. Hakuukalia kwa muda mrefu; alifariki Kampala tarehe 20 Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 51.

Methali za Kiacholi alizokusanya zilitoka kitabuni mwaka 1985. Mwaka uliofuata vita vilizuka kaskazini, na baadaye watu wa vijiji vilivyompa methali hizo wakahamishiwa kambini, wakiacha nyuma maboma na mashamba yao.