Benedetto Pistrucci, Mchonga Vito

Benedetto Pistrucci alizaliwa Roma, katika nchi ya Italia, mwaka 1783. Baba yake alikuwa hakimu, lakini mtoto hakupenda vitabu. Furaha yake ilikuwa kuchonga.

Siku zile matajiri wa Ulaya walishindana kununua vito vilivyochongwa na Wayunani na Warumi wa kale. Kito cha namna hiyo huitwa kameo. Hufanywa kwa jiwe lenye matabaka, la juu jeupe na la chini la rangi nyingine. Mchongaji huondoa tabaka la juu kidogo kidogo kwa chombo chembamba kizungukacho, chenye mafuta na unga wa almasi, hata sura nyeupe ibaki imetokeza. Wachongaji wengine wa kale waliandika majina yao juu ya vito, kama Dioskurides, aliyechonga muhuri wa Kaisari Augusto. Wadanganyifu nao wakajifunza kuyaandika majina yale yale juu ya mawe mapya.

Pistrucci alipokuwa kijana bado, aligundua ya kuwa kazi zake mwenyewe hutiwa uchakavu na kuuzwa kuwa ni za kale. Akachukizwa. Tangu hapo akatia katika kila kito alama ndogo ya siri, ambayo mtu asiyeijua hawezi kuiona.

Mwaka 1815 alihamia London. Siku moja alikuwa nyumbani kwa Sir Joseph Banks, mtaalamu mkuu wa mimea, akifinyanga sura yake kwa nta. Mara akaingia Richard Payne Knight, mwenye vito vingi na sifa kubwa ya kuvijua, akaonyesha kameo ya kichwa cha Flora, mungu wa maua wa Warumi. Alikuwa ameinunua kwa fedha nyingi, naye akaisifu kuwa haina mfano. Pistrucci akaitazama, akaitambua. Aliichonga mwenyewe Roma, akaiuza kwa bei ndogo sana. Akasema hivyo waziwazi, akaonyesha na alama yake.

Knight alikasirika. Akadai ya kuwa hata maua yale kichwani si mawaridi, ila ni maua ya mkomamanga. Banks akayachungua, akaamua kuwa ni mawaridi kweli. Ndipo Pistrucci akachonga Flora mwingine, ili watu wapime wenyewe. Wengi walisadiki; Knight hakukubali. Huenda ni vigumu kwa mtu mwenye sifa ya elimu kusahihishwa na fundi mgeni mbele ya rafiki zake. Alipokufa mwaka 1824, kito kile kiliingia British Museum, nacho kingalipo.

Neno lile lilimpatia Pistrucci jina. Akapewa kazi katika kiwanda cha kupigia sarafu cha Mfalme, na mwaka 1817 ikatoka paundi ya dhahabu yenye Mtakatifu George juu ya farasi, akimwua joka. Sura hiyo hupigwa juu ya paundi za dhahabu hata leo. Hapo hakuficha alama: karibu na ukingo alitia herufi B.P., kila mtu azione.

Mwaka 1819 aliagizwa medali kubwa ya vita vya Waterloo, akaimaliza mwaka 1849, wakati wafalme waliokusudiwa kuipokea walikuwa wamekwisha kufa. Naye alikufa mwaka 1855 karibu na Windsor, katika nyumba iliyoitwa Flora Lodge.